Sauti inatangulia midomo: uchambuzi wa faili moja la saa mbili

Filamu ya saa mbili imo ndani ya faili la MKV, kontena linalobeba picha, sauti na manukuu pamoja. Picha imebanwa kwa H.264, sauti kwa AAC ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, na kuna manukuu ya SRT, yaani mistari ya maandishi yenye muda wake. Dakika ya kwanza kila kitu kimekaa sawa. Kufika dakika ya kumi, neno linasikika kabla mdomo haujafunguka. Saa moja ndani, mlango unasikika ukifungwa ilhali kwenye picha mtu hajagusa hata kitasa. Mwishoni sauti inakwisha, na picha inaendelea kimya kimya kwa takriban sekunde saba.

Faili lilichezwa kwa programu mbili za video, VLC kisha mpv, kwenye kompyuta mbili tofauti. Ugonjwa ukawa uleule, kwa kiasi kilekile, mahali palepale. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, na ndilo ambalo watu wengi hulipita. Programu mbili ambazo saa zake ziliandikwa na watu tofauti, kwa mawazo tofauti, zikikosea sawasawa, basi kuna kitu zote mbili zimepewa, na zimekipokea bila kukihoji.

Dawa zilizojaribiwa kwanza

Dawa ya kwanza ya kila mtu ni vitufe. Ndani ya VLC, K huchelewesha sauti na J huiwahisha, milisekunde 50 kwa kila mguso. Ndani ya mpv ni Ctrl na alama ya kujumlisha au kutoa, sekunde 0.1 kila mara. Kwenye dakika ya kumi, miguso 12 ya K ilitosha, midomo na maneno vikakutana. Dakika tano baadaye vikaanza tena kuachana. Mtu anayetaka kulirekebisha faili hili kwa K hadi mwisho atabonyeza mara 144, na kila akirudi nyuma kuangalia tukio aliloliacha atakuta ameliharibu. Vitufe hivi vinaongeza namba moja isiyobadilika. Tatizo hapa linakua na muda, na namba isiyobadilika haiwezi kulifuata.

Dawa ya pili ilikuwa kuzima usimbuaji (kufungua data iliyobanwa) wa kadi ya picha na kuongeza bafa, akiba ya data inayosubiri kuchezwa. Haikusaidia kitu, wala isingesaidia. Kompyuta inayolemewa hutoa dalili nyingine: picha inakwama na fremu zinatupwa. Kuna jaribio moja linalotenganisha magonjwa haya mawili ndani ya nusu dakika, nalo ni bora kuliko mjadala wote wa mipangilio. Fungua faili upya, kisha ruka moja kwa moja hadi katikati bila kucheza chochote kabla ya hapo. Kama kosa limepotea na linaanza kujijenga upya kutoka sifuri, mashine ndiyo inayochoka. Kama kosa linakungoja palepale kwa ukubwa wake wote, limeandikwa ndani ya faili. Hapa lilikuwa linangoja: sekunde 3.6 kwenye saa moja kamili, mara tu baada ya kuruka.

Hedifoni za Bluetooth nazo zilishukiwa. Zinachelewesha sauti kweli, mara nyingi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, lakini kiasi hicho ni kilekile mwanzo hadi mwisho, na ni kuchelewa. Faili letu linawahi.

Saa iliyo ndani ya programu

Ili kuona kwa nini VLC na mpv hazikuweza kujiokoa, lazima kufuata njia inayopitwa na data. Sehemu ya kwanza husoma baiti kutoka diski au mtandao. Ya pili, kitenganishi, hufungua kontena na kutoa pakiti za picha, za sauti na za manukuu, kila kundi na njia yake. Kisimbuzi cha kila njia hugeuza pakiti kuwa fremu za picha au sampuli za sauti. Mwisho kuna matokeo mawili, kioo na kadi ya sauti, ambayo hayajuani. Kinachowaunganisha ndugu hawa wawili ni muhuri wa muda uliogongwa juu ya kila pakiti na programu iliyotengeneza faili: fremu hii ionyeshwe sekunde ya 600.600, sampuli hizi zisikike sekunde ya 600.576, na kadhalika.

Programu inahitaji saa moja ya kulinganishia mihuri hiyo, na mara nyingi huchagua sauti iwe kiongozi. Sababu ni sikio. Kadi ya sauti hula sampuli 48,000 kila sekunde kwa mwendo wake yenyewe, na pengo la milisekunde chache tu husikika kama mpasuko. Fremu moja ya picha ikionyeshwa kwa kuchelewa kidogo, au ikirukwa, jicho husamehe. Kwa hiyo mpv, bila kubadilishwa chochote, huangalia sauti imefika wapi, kisha huharakisha au huchelewesha fremu ijayo. ffplay, kichezaji kidogo kinachokuja na FFmpeg, kifurushi cha zana za video, hufanya vivyo hivyo, na ndani yake kuna kikomo cha kuvutia: tofauti ikizidi sekunde 10 huacha kusahihisha kabisa, kwa kudhani mihuri yenyewe haiaminiki.

VLC ilifika kwenye suala la saa kwa mlango mwingine. Mradi wa VideoLAN ulianza mwaka 1996 kwa wanafunzi wa École Centrale Paris, nchini Ufaransa, ambao walitaka kurusha video kwenye mtandao wa chuo chao. VLC ilikuwa upande wa mpokeaji. Upande mwingine ulikuwa na seva. Mpokeaji wa matangazo hawezi kumwambia mrushaji apunguze mwendo. Anasoma alama za saa zilizomo ndani ya mkondo na kujirekebisha azifuate, la sivyo bafa lake litafurika au litakauka. Ndiyo maana VLC kwa miaka mingi imejenga saa yake kutokana na chanzo, na kuzifanya sauti na picha ziifuate. Msimbo wake ulitolewa chini ya leseni huria ya GPL mwaka 2001, toleo la 1.0 likatoka mwaka 2009, na urithi huo wa mtandao ukabaki kwenye mifupa yake. Kwa mfululizo wa toleo la 4 wasanidi waliamua kuiandika upya sehemu hiyo ya saa, ili sauti iweze kuongoza.

Njia mbili tofauti, basi, lakini zote zinaanzia kwenye mihuri. Ukicheza faili hili kwa mpv kutoka kwenye terminali, mstari wa hali huandika A-V, yaani tofauti kati ya sauti na picha. Kwenye saa moja kamili, midomo ikiwa nyuma kwa sekunde tatu na nusu, mstari ule ulisomeka 0.000. Programu haikudanganya. Inapima jinsi inavyoitii mihuri, na iliitii kikamilifu. Haina masikio wala macho ya kujua kwamba mihuri ya picha iligongwa kwa saa isiyo sahihi. Yeyote anayerekebisha video anapaswa kuikumbuka sifuri ile: ni ushahidi kwamba kichezaji hakina kosa, na wakati huohuo haisemi lolote kuhusu faili.

Kupima kabla ya kugusa

Pointi mbili zinatosha, mradi ziwe mbali. Tafuta tukio lenye mgongano wa ghafla unaoonekana na kusikika: mlango, kikombe kinachowekwa mezani, mkono unaopiga meza. Mdomo unaosema hautoi kipimo kizuri, isipokuwa herufi zinazofunga midomo, p, b na m. Simamisha, sogeza fremu moja moja (kitufe E kwa VLC, nukta kwa mpv), kisha rekebisha ucheleweshaji hadi vitu vikutane, uandike namba.

Kwenye dakika ya 5, sauti ilihitaji kucheleweshwa sekunde 0.3. Kwenye dakika ya 100, sekunde 6.0. Tofauti ya makosa ni sekunde 5.7 ndani ya sekunde 5,700 za filamu, yaani moja kwa elfu: milisekunde moja inapotea kila sekunde. Mstari ukirudishwa nyuma hadi mwanzo unaangukia sifuri, kwa hiyo hakuna kuchelewa kwa kudumu kulikojificha chini yake. Pointi ya tatu, katikati, ilikaa kwenye mstari huohuo. Hiyo ya tatu si anasa. Simu nyingi hurekodi fremu kwa mwendo unaopanda na kushuka kulingana na mwanga, na video kama hiyo ikigeuzwa vibaya kuwa ya mwendo mmoja, kosa hupinda. Kosa lililopinda halitibiki kwa kuzidisha namba moja.

Usahihi gani unatosha? Mapendekezo ya BT.1359 ya ITU-R, kitengo cha redio cha Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, yanataja kwamba watazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au ikichelewa kwa takriban 125. Tofauti hiyo ya pande mbili ina maana. Duniani sauti siku zote hufika baada ya mwanga, na mtu aliye mita 17 kutoka kwako anakufikia kwa sauti milisekunde 50 baada ya kuonekana. Ubongo umezoea hilo tangu utotoni. Sauti inayotangulia haipo katika maisha ya kawaida, ndiyo maana faili letu linaudhi mapema kuliko lingeudhi kama kosa lingekuwa la upande mwingine.

Sasa namba yenyewe. Makosa ya aina hii hayana uwiano wa kubahatisha. Kila uwiano una chanzo chake kinachojulikana. Kosa la takriban sekunde 2.5 kila dakika huelekeza kwenye mgongano wa fremu 25 na fremu 24 au 23.976 kwa sekunde. Kosa kubwa zaidi, kama sekunde 5 kwa dakika, na sauti ikiwa nene au nyembamba kuliko kawaida, ni sampuli 44,100 zilizochezwa kana kwamba ni 48,000, au kinyume chake. Kosa dogo la sehemu mbili au tatu za kumi za sekunde kwa saa nzima ni la fuwele zinazoendesha saa za vifaa viwili vilivyorekodi sauti na picha kando: fuwele yenye hitilafu ya sehemu 50 kwa milioni hupoteza sekunde 0.18 kwa saa. Na moja kwa elfu ni 24 dhidi ya 23.976.

Uwiano huu wa 1001 kwa 1000 ulizaliwa Marekani mwaka 1953, televisheni ya rangi ilipowekwa juu ya ile ya nyeusi na nyeupe. Ishara ya rangi na ile ya sauti, iliyokaa kwenye megahezi 4.5, zingeingiliana na kuacha michirizi kwenye picha. Wahandisi hawakutaka kuigusa sauti kwa ajili ya televisheni zilizokwisha kuuzwa, wakapunguza kidogo mwendo wa mistari na fremu: 30 ikawa 30000/1001, karibu 29.97. Filamu ya fremu 24 iliyopitishwa kwenye mfumo huo ikapungua vilevile, ikawa 24000/1001. Televisheni zile zimekwisha, lakini namba yao bado imo ndani ya mafaili.

MediaInfo, programu inayosoma maelezo yaliyomo ndani ya faili, ilikamilisha ushahidi. Njia ya video ilijitambulisha kuwa 23.976 (24000/1001), na urefu wake saa 2 na sekunde 7.2. Njia ya sauti ilikuwa saa 2 kamili. Fremu ni 172,800. Zikigawanywa kwa 24 unapata sekunde 7,200, sawa na sauti. Zikigongwa mihuri ya 24000/1001 zinanyooka hadi 7,207.2. Zile sekunde saba za kimya mwishoni zimeshapata mwenyewe.

Lakini nani mkosaji, picha iliyonyooshwa au sauti iliyobanwa? Hapa manukuu yalitoa ushahidi ambao vipimo havikuutoa. Kila mstari wa SRT ulijitokeza pamoja na neno lililosikika, na wote wawili waliitangulia midomo kwa kiasi kilekile. Mashahidi wawili wanaokubaliana dhidi ya mmoja. Mihuri ya picha ndiyo mibaya.

Kurekebisha

Kwa kuwa kosa limo kwenye mihuri na si kwenye picha yenyewe, hakuna sababu ya kusimba upya chochote. Kupitisha faili kwenye programu ya kubadilisha video kungekula saa nyingi, kungepunguza ubora, na mara nyingi kosa lingebaki kama lilivyo, kwa kuwa programu hiyo nayo ingeiamini mihuri. Kazi inafanywa na mkvmerge, kutoka kifurushi cha MKVToolNix. Kwanza namba za njia:

`mkvmerge -i faili.mkv`

Picha ilikuwa njia 0. Kisha:

`mkvmerge -o mpya.mkv --sync 0:0,1000/1001 faili.mkv`

Sifuri ya kwanza ni namba ya njia, ya pili ni ucheleweshaji wa kudumu kwa milisekunde, na sehemu ya mwisho ni kizidishio cha kila muhuri. Chaguo hili lazima litangulie jina la faili linalohusika. Likiwekwa baada yake halitalihusu faili hilo. Kazi huchukua muda kama wa kunakili faili tu. Asiye na mkvmerge anaweza kulifungua faili mara mbili kwa FFmpeg, picha ikitoka kwenye lililopunguzwa na sauti kwenye lililo kama lilivyo:

`ffmpeg -itsscale 0.999001 -i faili.mkv -i faili.mkv -map 0:v -map 1:a -map 1:s -c copy mpya.mkv`

Kosa la kwanza linalotokea hapa ni kugeuza uwiano. Ukiandika 1001/1000 kwenye njia ya picha, kosa linakua maradufu na mwisho wa filamu utapata sekunde 14.4 badala ya sifuri. Hii huonekana mara moja MediaInfo inapofunguliwa, kwa hiyo usilifute faili la zamani kabla ya kusoma urefu wa njia zote mbili.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu linafanana na suluhisho. Mtu anaamua kuiacha picha na kuzidisha mihuri ya sauti kwa 1001/1000. Urefu unalingana, kila kitu kinaonekana kimepona. Lakini pakiti moja ya AAC ina sampuli 1,024, ambazo kwa kadi ya sauti ni milisekunde 21.333, si zaidi. Mihuri sasa inadai zikae 21.355. Tofauti hii inarundikana, na kila kichezaji hulitatua kivyake: kimoja huingiza ukimya mfupi kila baada ya muda, kingine hunyoosha sauti kidogo, kingine hupuuza mihuri ya sauti na kuhesabu sampuli tu, na hapo ugonjwa wa zamani unarudi. Faili linalocheza vizuri kwenye kompyuta linapasukapasuka kwenye televisheni. Picha haina tatizo hili, kwa kuwa fremu moja haina urefu wake wa asili. Inakaa kiooni hadi inayofuata ifike. Ikibidi sauti ndiyo ibadilike, kwa mfano faili lina njia nyingine za sauti na manukuu yanayolingana na picha, basi sampuli zenyewe zinyooshwe kwa kichujio cha FFmpeg `atempo=0.999001` na zisimbwe upya. Gharama yake ni kizazi kimoja cha ubora wa sauti.

Sura za filamu nazo zisisahauliwe. Zikiwa zimewekwa kwa kufuata picha ya zamani, zitaangukia hadi sekunde saba baada ya mahali pake, na `--chapter-sync 0,1000/1001` huzivuta zirudi. Na usishtuke ukiona mihuri ya fremu ndani ya MKV mpya ikienda 42, 41, 42: kontena hili kwa kawaida huandika muda kwa milisekunde nzima, kwa hiyo milisekunde 41.667 haiwezi kuandikwa kamili. Makosa haya hayajumlishwi, kila muhuri unakadiriwa peke yake.

Kinachokosekana ndani ya vichezaji

Manukuu yametendewa haki zaidi kuliko sauti. Dirisha la usawazishaji wa njia ndani ya VLC lina sehemu ya mwendo wa manukuu, na mpv ina `--sub-speed`. Kwa hizo, manukuu ya fremu 25 hukaa juu ya filamu ya 23.976 papo hapo. VLC huenda mbali zaidi: Shift+H unaposikia neno, Shift+J unapoona maandishi yake, Shift+K kuvikutanisha. Kwa sauti na picha kuna kucheleweshwa kwa kudumu tu.

Si uzembe. Kuzidisha muda wa manukuu ni kuzidisha namba mbili kwa kila mstari. Kuzidisha muda wa sauti kunadai kutengeneza sampuli mpya wakati wa kucheza, na kuifahamisha saa kuu, kadi ya sauti na sehemu ya kuruka mbele na nyuma, zote zikubaliane. Ila kuzidisha mihuri ya picha peke yake, sauti ikibaki kiongozi, ni kazi ndogo zaidi, kwa sababu ileile ya fremu isiyo na urefu wake. Hesabu iingie mara moja, kati ya kitenganishi na kisimbuzi cha picha, na mahali pa kurukia pageuzwe kwa uwiano huohuo kabla ya kutafutwa kwenye faharasa ya faili. Pa kuiweka kwa mtumiaji pameshajulikana: mbinu ya alama mbili ya Shift+H na Shift+J, ikichukuliwa mara mbili, mwanzo na mwishoni mwa filamu, inatoa pointi mbili, na pointi mbili zinatoa mteremko. Programu ingeuona mteremko wa 0.001 na kupendekeza 1000/1001 yenyewe.

Hata bila hilo, onyo moja linawezekana mara faili linapofunguliwa. Kitenganishi kinaujua urefu wa kila njia, pale faili lilipouandika. Njia mbili zilizoanza pamoja zikitofautiana kwa sehemu moja kwa elfu kamili, au kwa 25 juu ya 24, kichezaji kinaweza kusema hivyo kabla mtazamaji hajabonyeza K hata mara moja.